Aliyeitika Kwenye Ukungu

Tarehe 9 Juni

Shangazi mpendwa,

Kabla ya salamu nitoe hili, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu kama kawaida yangu. Majuzi nilikuwa peke yangu kwenye ukungu, nikaita, na mtu akaitika. Hakukuwa na mtu. Sijamwambia Baba, wala Mama, wala Kocha. Wewe ndiye wa kwanza kusikia.

Sasa shikamoo. Natumaini u mzima na goti lako halikusumbui na baridi hii. Sisi wazima. Baba na mabomba yake hawaachani. Baridi ikizidi mabomba ya watu yanapasuka, naye anakunja mikono ya shati kwa furaha. Mama anakusalimu, anasema wifi gani huyu asiyejua njia ya kuja.

Nieleze tangu mwanzo. Tangu nimalize shule nafanya kazi kwenye ghala la viazi, kuchambua vilivyooza na kushona midomo ya magunia. Kabla ya kazi nakimbia na kikundi chetu. Njia yetu inapita kwenye msitu wa kupandwa nyuma ya bwawa, na msimu huu ukungu umekuwa mzito mpaka humwoni aliye mbele yako. Kwa hiyo Kocha ametuwekea utaratibu. Anayeongoza anaita, "Wa nyuma!" Aliye mwisho kabisa anajibu, "Nipo!" Tukifika kwenye geti la chuma la kutokea msituni, aliyeita analishikilia likiwa wazi mpaka aliyeitika apite. Halifungwi kabla. Kocha ni mkali kwa hilo kuliko hata kwa muda wetu. Anasema, "Siwezi kurudi mjini na watoto pungufu, mimi sina maneno ya kuwaambia mama zenu."

Siku hiyo kulinyesha, wenzangu hawakutoka. Nikakimbia peke yangu. Nilipofika kwenye kona ya bwawa ulimi wangu ukaita wenyewe, "Wa nyuma!" Mazoea tu. Nikajicheka. Kisha nyuma yangu, si mbali, sauti ya msichana ikasema, "Nipo."

Haikuwa mwangwi, Shangazi. Mwangwi ungerudisha neno langu. Hili lilikuwa neno lake.

Nilikimbia kama mwizi wa kuku. Lakini nilipofika getini, na najua utanicheka, sikuweza kulifunga. Mtu ameitika, nami ndiye niliyeita. Nikalishikilia, nikangoja, uso nimeugeuzia upande wa pili. Sikuona mtu akipita. Nilihisi baridi tu ikinigusa begani, kama mtu anayejipenyeza bila kutaka kukusumbua. Nikafunga, nikaenda kazini.

Tangu siku hiyo mizani inasema nanenepa. Najua swali lako la kwanza na jibu ni hapana; hata mvulana wa kuniazima kalamu sina. Mwanzoni nilidhani mizani ya Kocha, anayotupimia mazoezini, ni mbovu, nikaenda kupanda ile ya ghalani ya kupimia magunia, ambayo Mzee wa Mizani anaihakiki kila siku kwa sababu wanunuzi ni wagomvi. Mshale ulipanda, ukatulia penye uzito wangu wa zamani. Kisha ukasogea tena, taratibu, kama mtu wa pili ameweka mguu.

Mzee akasema, "Binti, rudisha kiazi ulichoficha." Akacheka peke yake. Alipoinama kuutazama mshale kwa karibu, aliniambia nishuke, na tangu hapo hanitanii.

Mwisho wa Agosti kuna mbio za mchujo. Watakaopita wataenda kambini mwaka mzima, wafundishwe na walishwe, na Kocha amesema aliyezidi uzito hatasimama mstarini. Shangazi, unajua nilivyo. Kuagiza chai tu naona aibu. Mbio ndicho kitu pekee ninachokifanya bila kujificha. Nifanye nini?

Mimi mwanao.

&nbsp;

Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa sababu barua yako ni ndefu kuliko maneno yote uliyowahi kuniambia tangu uzaliwe. Goti lipo, linanitabiria mvua bora kuliko redio. Mwambie mama yako njia ya kwangu pia anaijua, na miguu anayo miwili mizima.

Nianze na uzito. Nilipokuwa nakimbia, kila msimu wa baridi niliongezeka. Mwili si mjinga, unajifunika. Nilikuwa nakula, nalala, napunguza mbio za kasi na kuongeza za polepole, na joto likirudi uzito unaondoka bila kufukuzwa. Usianze vita na tumbo lako. Nenda zahanati, nesi akupime damu, halafu tulia.

Pili, mimi ni fundi cherehani, nataka tepu. Nimekutumia moja humu ndani ya bahasha. Jipime kifua, kiuno, nyonga na paja, uniandikie. Nina vipimo vyako vya bukta ya mwaka jana. Mizani inajua uzito tu, haijui umekaa wapi.

Tatu, hiyo sauti. Miti inasugua, maji yanagonga ukingo wa bwawa, na wewe ulikuwa mwenyewe. Inatosha. Ila geti! Umeogopa mpaka unageuza uso na bado umelishikilia kwa adabu! Nilimsimulia paka wangu, hakuna mwingine, usinune.

Lakini mwanangu, ukiwa peke yako usiite tena.

Shangazi yako.

&nbsp;

Tarehe 2 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za goti, na za paka anayejua siri zangu? Huku wazima, isipokuwa Mama ana mafua na hataki kukiri.

Nesi amenipima. Sina ugonjwa. Alinitazama juu mpaka chini, akatazama karatasi ya uzito, akanitazama tena, akasema, "Huu mwili na huu uzito havijuani." Alidhani msaidizi wake amekosea, akanipima mwenyewe. Akaandika uzito uleule, akaita mgonjwa anayefuata.

Tepu nimeitumia. Kifua kilekile, kiuno kilekile, nyonga zilezile. Bukta yako ya mwaka jana inanikaa kama siku uliyoishona.

Nilijaribu kutulia kama ulivyosema lakini Kocha hakunipa nafasi. Alinisimamisha mbele ya wenzangu. "Wewe ulikuwa swala," akasema, "sasa unakimbia kama umebebeshwa kaka yako mgongoni." Walicheka wote, ila Sindano hakucheka. Sindano ndiye msichana mwenzangu wa karibu, tumesoma darasa moja. Jina hilo alipewa kwa wembamba, na sasa analilinda jina kama cheo. Amri ya Kocha ni hii: hakuna chakula cha jioni, mbio mara mbili kwa siku, na koti la nailoni ili nitoke jasho. Sindano hajaambiwa, lakini anafanya yote hayo pamoja nami. Anasema asipokuwa mwepesi hana kingine cha kujivunia. Nikimwambia ale ananijibu, "Kwanza wewe."

Nimefuata amri, Shangazi, na hapa ndipo ninapoogopa. Bukta imeanza kunivuka. Tepu inasema kiuno kimepungua, na paja pia. Nywele zinabaki kwenye kitana. Ile habari yangu ya kila mwezi haijaja. Na mizani haijashuka hata kidogo. Jana iliongezeka.

Mambo mengine ni madogo. Mvua ikinyesha, nyayo zangu kwenye tope ni za kina kuliko za Kocha. Mama akitandika kitanda changu ananiuliza kwa nini godoro limebonyea sehemu mbili. Nilimwambia nageuka sana. Mama akasema, "Basi uwe unageuka na shuka, maana upande wa ukutani ni wa baridi kama chuma."

Nijibu upesi.

Mwanao.

&nbsp;

Tarehe 10 Julai

Mwanangu,

Safari hii sina utani. Pole kwa mama yako, mpe maji ya moto ya tangawizi, na wewe kaa chini usome polepole.

Niliweka vipimo vyako vya zamani na vipya mezani. Nimeshona miaka mingi, najua mtu aliyepungua na najua mtu anayekwisha. Kinachopungua ni wewe. Yeye hapungui. Kila unachojinyima kinatoka kwenye fungu lako, na nafasi unayoiacha anaijaza. Ukiendelea hivi mizani itabaki palepale na wewe hutakuwepo.

Nimeandika "yeye". Nimelitazama neno hilo nusu siku na sijaweza kulifuta.

Kwanza, kula. Asubuhi, mchana, jioni, na katikati. Choma hilo koti la nailoni. Kocha akibweka mwache abweke.

Pili, nimefikiri hivi. Alikuja kwa sababu uliita. Anamfuata aliyeita, ndiyo sheria yenu, naye anaonekana ni mtu wa sheria. Basi siku ya ukungu usiongoze. Kaa mwisho kabisa. Mwingine akiita "Wa nyuma!", wewe funga mdomo. Mwache yeye aitike. Atapita geti la huyo aliyeita, na atakwenda naye.

Usiniulize atafika kwa nani. Mimi ni shangazi yako wewe, si shangazi wa mji mzima.

Nakubusu kichwani.

Shangazi yako.

&nbsp;

Tarehe 28 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama amepona na anakushukuru kwa tangawizi. Mimi nakula. Mama alidhani natania nilipoomba kuongezwa, kisha akageuka upande wa jiko ili nisimwone anavyofurahi.

Nilifanya ulivyoniambia. Au karibu.

Ukungu ulikuwa mzito, nami nikakaa mwisho. Aliyeongoza alikuwa Sindano. Nilijua hivyo tangu tunaanza, na nilijiambia kwamba sijui. Tulipofika kwenye kona ya bwawa akaita. Sauti yake imekuwa nyembamba kama yeye. "Wa nyuma!"

Nikafunga mdomo.

Karibu kabisa na sikio langu la kushoto nikasikia mtu akivuta pumzi ili aitike. Pumzi ya kawaida tu, Shangazi. Hata yeye alikuwa amechoka. Wakati huohuo ukungu ukapasuka kidogo nikauona mgongo wa Sindano kwa mbele, mifupa yake ikionekana chini ya fulana. Nikafikiria uzito ule kwenye mgongo ule. Atajinyima zaidi, na hana cha kujinyima.

Nikapiga kelele kabla yake. "Nipo!"

Nilipiga kwa nguvu hata Kocha akaniuliza kama nimeumwa na nyoka. Pumzi ile ilitoka taratibu pembeni ya shingo yangu. Sikuona amekasirika. Tulipita getini, mimi wa mwisho, na nilipofika ghalani gunia la kawaida lilinishinda kuvuta.

Kesho yake ilikuwa siku ya mizani. Nilimwambia Kocha kwamba sipandi.

"Husikii?" akasema.

"Nasikia, Kocha. Sipandi. Na ninakula jioni."

"Basi hata mchujo huna."

"Sawa."

Ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia. Nilifika nyumbani nikalia chooni, nimefungua bomba ili maji yafunike sauti. Kambi ile nilikuwa naiota tangu darasa la sita. Sijutii, lakini inauma kama jino.

Usinikasirikie kwa kukosa kukutii.

Mwanao.

&nbsp;

Tarehe 6 Agosti

Mwanangu,

Siwezi kukukasirikia. Nilikushauri jambo la kunitia aibu na wewe ukakataa kwa niaba yangu. Ningekuwa karibu ningekushika mikono.

Mazoezi usiache, kuna mbio nyingine duniani zaidi ya za Kocha. Panda vilima kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Siku moja kila wiki usikimbie kabisa. Kama umebeba kitu, mwili ufundishe kubeba: miguu, mgongo, tumbo. Magunia ya ghalani ni mwalimu mzuri, ila chuchumaa kwanza ndipo uinue.

Nimekushonea bukta mpya. Nimeacha nafasi kiunoni. Usiniulize ya nani.

Shangazi yako.

&nbsp;

Tarehe 3 Septemba

Mwanangu,

Mbona kimya? Mchujo ulikuwa wiki iliyopita. Nimempigia kaka yangu simu, ananiambia "yupo, yupo", kama vile anajibu kuhusu koleo. Yupo vipi? Niandikie hata mstari mmoja, tena kwa mkono wako mwenyewe, niujue mwandiko.

Shangazi yako mwenye wasiwasi.

&nbsp;

Tarehe 8 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe. Mwandiko ni huu, ni wangu. Mimi mzima, Baba na Mama wazima. Nilikuwa hospitali, si kwa kuumwa, bali kukaa na Sindano. Naye atapona. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari.

Siku ya mchujo nilikwenda kutazama. Kocha aliniona nimesimama kwenye uzio nimevaa bukta yako, akajikuna kichwa. Akasema, "Kama miguu inakuwasha, kimbia nyuma ya wote. Uhakikishe hakuna aliyebaki msituni." Nadhani ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Nikakubali.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya bwawa. Walinipita wote wakapotea, nikabaki nasikia viatu vyao tu, kisha hata viatu sikuvisikia. Nilikwenda mwendo wa sokoni. Baada ya bwawa, pale njia inapogawanyika, nikaona kitu cheupe kimelala kwenye majani. Ni Sindano. Alikuwa amevaa koti lake la nailoni chini ya fulana ya mashindano. Midomo imekuwa ya kijivu. Nilimwita, macho yakafunguka bila kunitazama. Baadaye mama yake alisema hakuwa amekula tangu juzi yake, ili apande mizani akiwa mwepesi.

Hapakuwa na mtu, na simu tulikuwa tumeziacha kwa Kocha. Nikachuchumaa, nikapitisha mikono chini ya mabega yake, nikainua. Hata mtu mwembamba akilegea ni mzito, Shangazi. Nilimburuta kidogo, visigino vyake vikichora udongo, na nikajua sitafika. Pumzi ilikuwa imenikatika. Nikasema kwa sauti, sijui nikimwambia nani, "Nisaidie."

Visigino vikaacha kuchora.

Nilikuwa natembea kinyumenyume, nimemkumbatia kwa mbele, ukungu umefunika kila kitu kuanzia magoti yake. Miguu yake ilikuwa juu, imenyooka, sawa na mikono yangu. Sikutazama zaidi ya hapo. Tulikwenda hivyo mpaka barabarani, tena kwa hatua zinazolingana, na hakuna wakati nilipojikwaa. Gari la Kocha lilikuwa pale. Alipotuona alidondosha saa yake.

Daktari alisema sukari ilikuwa imeshuka sana na baridi ilikuwa imeingia mwilini, na tungechelewa asingeamka. Kocha alikuwepo. Alikaa kwenye benchi la nje, kofia mkononi. Sijui atakuwa Kocha wa namna gani baada ya hapo, lakini mizani ile ameitoa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kambini sikuitwa, na sitaitwa mwaka huu. Wameitwa wengine. Niliposikia orodha ikisomwa nilitoka nje kidogo.

Sasa lile linaloniandikisha barua hii badala ya kupiga simu.

Sindano alipoweza kuongea nilikuwa peke yangu naye, mama yake amekwenda kuleta supu. Akaniuliza, "Yule dada mwingine ni nani?"

"Dada gani?"

"Aliyenishika miguu. Mikono yake ilikuwa ya baridi sana. Alikuwa ananiambia nisilale."

Nikamwambia ni homa. Akatikisa kichwa kwenye mto.

"Nilimwambia, 'Utachoka, niache.' Akanijibu kwamba zamani ndiyo alikuwa anachoka. Alianguka palepale nilipoanguka mimi, kwa njaa, na hakuna aliyerudi nyuma kutazama. Akasema siku hizi hachoki." Sindano akanitazama kwa makini, kama anayetaka nimsaidie kuelewa. "Akasema siku hizi analishwa."

Mama yake akaingia na supu. Sindano akaimaliza yote, akaomba nyingine.

Shangazi, naomba hili libaki kwako na kwangu. Sindano ameanza kuamini kwamba aliota, na mimi sitamsahihisha. Baba akijua atatafuta mtu wa kunitibu, na mimi siumwi. Zaidi ya wote usimwambie Mama. Kila jioni anapakua sahani yangu, kisha ananiuliza, "Nikuongeze?", na nikisema ndiyo anaimba akielekea jikoni. Akijua sahani ya pili anampakulia nani, mkono wake utatetemeka. Sitaki utetemeke. Tafadhali, usimwambie mtu yeyote, hata paka.

Mimi mwanao.